Maporomoko ya Karura na Sisi Tukaao Chini ya Mto

Mwulize mkazi wa Majengo, Kaloleni, Bahati au Jericho akutajie maporomoko ya maji anayoyajua. Atakutajia yale ya Thika, au yale ya Nyahururu aliyoyaona katika kalenda ukutani. Aliyesoma sana atakuvusha mpaka Zambezi. Wachache mno watakwambia kuwa humu humu Nairobi, mwendo wa matatu mbili tu kutoka Gikomba, yako maporomoko yashukayo katikati ya msitu, na ndege wake, na kima wake, na ukungu wake wa asubuhi.

Maporomoko hayo ni ya mto Karura, katika msitu wa jina hilo hilo, upande wa kaskazini wa jiji. Msitu wenyewe una zaidi ya hekta 1,000, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Umezungukwa na mitaa ya wenye nacho: Muthaiga, Runda, Gigiri. Huenda ndiyo sababu sisi wa Eastlands tukiusikia tunadhani ni shamba la mtu. Makala haya nayaandika kumwambia msomaji kwamba si shamba la mtu, na kwamba maji yale yanatuhusu sisi kuliko yanavyowahusu wanaokaa ng'ambo ya ua wake.

SAFARI NA WATOTO SABA

Nilikwenda Jumamosi moja pamoja na watoto saba wa majirani zangu hapa Majengo, mkubwa wao miaka kumi na mitatu, mdogo miaka tisa. Ruhusa za wazazi zilipatikana bila taabu, isipokuwa moja. Mama wa binti mmoja wa miaka kumi alinisimamisha kibarazani.

"Mzee, nasikia huko kuna maji mengi."

"Yapo, mama. Ndiyo tunayokwenda kuyatazama."

"Basi nakuomba, huyu wangu usimsogeze karibu. Tangu Mathare hataki kusikia maji."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Mwezi Aprili na Mei mwaka 2024 mvua kubwa zilinyesha nchini, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mathare mto ulipanda usiku ukaingia majumbani. Maji yalipopungua, serikali iliwaamuru waliokaa karibu na mito wahame, na nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingoni zikabomolewa. Mama huyu na wanawe ni katika wale waliohama na godoro moja na sufuria mbili wakaja kupanga chumba kwetu. Nilimwahidi kuwa nitamwangalia binti yake kama wangu.

Tulipanda matatu hadi Pangani, tukabadili tukachukua ya Kiambu. Watoto walikuwa na maswali mengi kuliko viti. Tulipopita ile barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road, niliwaonyesha kibao cha jina lake la sasa, jina la Profesa Wangari Maathai, nikawaambia wakumbuke jina hilo maana mbele tutalihitaji. Tukateremka kwenye lango la msitu kando ya barabara ya Kiambu.

Kiingilio hulipwa kwa simu, si kwa fedha mkononi. Si kikubwa kwa mtu mmoja. Lakini ukijumlisha nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kiingilio na maandazi ya njiani, mzazi mwenye watoto wanne atafika mahali aseme heri unga. Jambo hili nitalirejea.

NDANI YA MSITU

Mlango wa kwanza wa Karura ni ubaridi. Unatoka juani unaingia kivulini, na ghafla masikio yanasikia kuwa kelele za magari zimebaki nyuma. Wale watoto, ambao kwetu Majengo hupiga kelele mpaka wazee tunakosa usingizi wa mchana, walianza kunong'ona. Hakuna aliyewaamuru.

Njia ni ya udongo mwekundu. Kulia na kushoto iko miti ya kienyeji iliyokulia hapa tangu hapo kale, na iko mingine ya kigeni iliyopandwa wakati wa ukoloni ili kupata kuni na mbao. Katika ya kienyeji nilifurahi kuukuta muhugu. Mti huu sisi watu wa pwani twaujua, kwani umo pia katika msitu wa Arabuko Sokoke kati ya Kilifi na Malindi. Ni mti mgumu, unaokua polepole mno, na wachonga vinyago wanaupenda kupita kiasi. Ndiyo maana mahali pengi umekwisha. Niliushika shina nikawaambia watoto, "Huyu ni jamaa yangu kutoka nyumbani." Wakacheka, kisha kila mmoja akaja akaushika.

Kima wako tele, nao ni wezi wa ndizi. Wako mbega pia, wale weusi wenye mabega meupe kama waliovaa shali, ambao walikuwa wametoweka hapa wakaanza kurudishwa mwaka 2014 kutoka upande wa Kipipiri. Wako na paa wadogo, ambao ukiwaona mara moja umewaona, ukigeuka kumwita mwenzio hawapo.

Karibu na maporomoko yako mapango katika mwamba. Humo, katika miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na mji wa gavana uko pale pale chini. Mtoto mmoja aliingia kichwa, akatoka, akauliza, "Mzee, walikuwa wanakula nini?" Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni, kwani vita vyote mwisho wake ni chakula na mtu wa kukileta. Na chakula kile, pamoja na habari na dawa, kililetwa kwa siri, na wengi wa waliokileta walikuwa wanawake, na sehemu yake kilitoka mitaa ile ile ya mashariki tuliyotoka sisi asubuhi.

SAUTI YA MAJI

Maporomoko huyasikia kabla hujayaona. Kwanza ni kama upepo katika majani, kisha kama watu wengi wasemao pamoja, kisha yanakuwa ngurumo isiyokoma. Hapo ndipo yule binti wa Mathare aliposimama. Aliingia nyuma ya mti, akashika gamba lake kwa mikono miwili.

"Imefurika?" aliniuliza.

"Haijafurika, mwanangu. Ndivyo yasemavyo kila siku."

"Hata usiku?"

"Hata usiku. Na hayajawahi kutoka mahali pake."

Wenzake walishuka ngazi mbio. Mimi nilikaa naye pale juu, juu ya jiwe, bila kumhimiza. Kutoka pale maji yalionekana vizuri: yanatoka baina ya miti, yanajitupa kutoka kwenye ukingo wa mwamba mweusi, kimo kinachokadiriwa kuwa futi 60 hivi, yanafika chini yakiwa meupe, kisha yanatulia katika dimbwi na kuondoka taratibu chini ya vichaka. Rasharasha zake hukufikia usoni hata ukiwa mbali. Baada ya kitambo yule binti aliteremka ngazi moja. Kisha mbili. Mwisho alisimama umbali wa hatua kumi kutoka kwenye dimbwi, akatazama muda mrefu, wala hakusogea zaidi, wala hakuna aliyemtania. Nadhani kwa siku moja ile ilikuwa safari ndefu ya kutosha.

Mimi nilizaliwa ufukoni, na maji nimeyaona ya kila namna. Lakini sikupata kuona mtoto anayejifunza upya kuwa maji yanaweza kupita bila kumchukulia mtu kitu.

Zamani chuoni, tulipoanza fiqihi, mlango wa kwanza tuliousoma ulikuwa wa maji. Maalimu alitufundisha, na fimbo ikiwa karibu, kwamba maji mengi hayawi najisi mpaka ibadilike moja katika sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Niliwakusanya watoto nikawapa somo lile lile, bila fimbo. Wakatazama: rangi yake ina wekundu kidogo wa udongo, maana mvua ilinyesha juzi. Wakanusa: harufu ni ya majani na mawe. Ladha niliwakataza, na sababu nikawaambia wazi. Huko juu ya msitu, upande wa Kiambu, majumba yameongezeka sana, na si kila jumba hupeleka uchafu wake panapostahiki. Hata mto huu mzuri unaye jirani wa juu yake.

"Sasa niambieni," nikawauliza, "mto Nairobi pale Gikomba una sifa ngapi zilizobadilika?"

Walijibu kwa pamoja, "Zote!" Na mmoja akaongeza kuwa ladha haina haja ya kujaribiwa.

VYAELEA, VIMEUNDWA

Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayeingia Karura leo, akaona familia zimetandika mikeka na vijana wakikimbia au kuendesha baiskeli, asidhani palikuwa hivi siku zote. Wengi wetu twakumbuka wakati ambapo kulitaja jina la msitu huu kulitosha kumtia mtu baridi. Palikuwa maficho ya majambazi, na mahali pa kutupwa maiti.

Tena palikaribia kutokuwa msitu kabisa. Katika miaka ya 1990 vipande vya Karura viligawiwa watu binafsi na makampuni ili yajengwe majumba ya fahari. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alisema haiwezekani. Hakuwa na askari wala fedha nyingi. Alikuwa na miche, na wanawake wenzake, na ulimi usioogopa. Tarehe 8 Januari 1999 alipokwenda na wenzake kupanda mche, walishambuliwa kwa marungu na mijeledi. Alipigwa kichwani akavuja damu, akaenda kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, na sahihi yake akaitia kwa damu ile ile. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Mwezi Agosti mwaka ule ule Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka 2004 ulimwengu ulimpa Profesa Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Msitu ulikwisha kuzungushiwa ua, jamii za jirani zikashirikishwa pamoja na Shirika la Huduma za Misitu katika kuutunza, na baadhi ya vijana wa vijiji duni vilivyo kando yake wakapewa kazi ya kuulinda.

Nilipowasimulia watoto habari hii, palipita kimya. Kisha yule wa pango, mwenye maswali, akasema, "Kwa hivyo huyu mama alipigwa ndio sisi tuone maji?" Sikuwa na la kuongeza.

WA JUU NA WA CHINI

Hapa ndipo nitakapo kumkamata msomaji mkono. Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mji ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na wakoloni walipoupanga waliupanga kwa rangi za watu. Wazungu walijipa magharibi na kaskazini, mahali pa juu, penye udongo mwekundu na miti. Waafrika walisukumwa mashariki, mahali pa chini, tambarare, penye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ikawa makao ya watu waliovunjiwa vijiji vyao vya awali. Kijiji cha Pangani nacho kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wenyeji wake wakaja Shauri Moyo. Baadaye zikafuata Kaloleni, Makongeni, Bahati, na kadhalika hadi tulipo.

Sasa maji hayajui rangi ya mtu, lakini yanajua mteremko. Mito ya jiji hili yatoka magharibi, yaja mashariki. Mto Nairobi waanzia bwawa la Ondiri kule Kikuyu. Ukipita katikati ya jiji, kisha Gikomba, umekwisha kupokea kila kitu. Gitathuru na Mathare zinapita katika vibanda vya Mathare, Huruma na Korogocho. Mto Ngong unapita viwandani na Mukuru. Na pale Dandora, kando ya mto, liko lile jaa kuu la taka la tangu miaka ya 1970, lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado malori yanamwaga.

Basi aliye juu anautazama mto, na aliye chini anauvumilia. Wa juu huuona ukiwa maporomoko. Wa chini huuona ukiwa bomba la majitaka wakati wa kiangazi, na mwizi wa usiku wakati wa masika. Haya hayakuandikwa mbinguni. Yaliandikwa katika ramani, na kilichoandikwa katika ramani na mwanadamu, mwanadamu aweza kukifuta.

Wala nisitupe lawama zote juu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, na mto ukapata nafuu kidogo. Lakini chupa, nguo kuukuu, manyoya ya kuku na nepi, hivyo havikuja na mvua kutoka Runda. Vimetoka mikononi mwetu, kwa sababu gari la taka haliji na shimo la majitaka halipo, na pia kwa sababu tumezoea. Korogocho na Dandora wako vijana waliochoka kuzoea. Walishika majembe, wakaondoa taka ukingoni, wakapanda miti na mboga mahali palipokuwa pakiogopwa hata mchana. Wao nao wanaendeleza kazi ile ile iliyoanzia langoni mwa Karura.

YAENDAPO MAJI

Tulipokuwa tukiondoka, mtoto mdogo kuliko wote aliniuliza, "Mzee, hii maji inaenda wapi?" Sarufi nikaiacha, swali nikalijibu. Nikamwambia yatakwenda mashariki yakutane na wenzake, na mwishowe, maji ya Karura na ya Gikomba na ya Mukuru yote yataingia mto Athi. Athi utayabeba hadi maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, ambako nyakati nyingine povu lake halitokani na nguvu ya maji bali na sabuni na uchafu wa jiji. Kutoka hapo utashuka Ukambani, uingie Tsavo, ubadili jina uitwe Galana, uruke tena katika miamba ya Lugard, kisha uitwe Sabaki, na uingie baharini kaskazini mwa Malindi.

"Malindi si ni kwenu, upande wa pwani?"

"Ni kwetu, upande wa pwani."

"Basi maji yetu inafika kwenu."

"Inafika."

"Na takataka?"

"Na takataka."

Wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mgeni huuliza imepatwa na nini. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hakuna mtu wa chini kabisa ila bahari, na bahari haina pa kumsukumia mwingine.

Usiku ule, watoto wote saba walipokwisha kurudishwa kwa mama zao salama, nilikaa nikaandika ubeti huu:

Maji yashuka jabali, meupe kama maziwa,
Huimba nyimbo za kweli, na moyo hupata dawa,
Chini hubadili hali, kwa taka hunajisiwa,
Mto hauna kauli, dhamana tumeshapewa.

Ombi langu ni dogo, nalielekeza kwa watu watatu. Kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Eastlands: ukipanga matembezi ya wanafunzi, Karura ni karibu kuliko mahali pengi, na somo lake ni kubwa. Kwa wenye mamlaka juu ya msitu: iwekeni siku, walau moja kwa mwezi, ambayo mtoto wa shule anayetoka mitaa ya mashariki ataingia bure, maana msitu huu uliokolewa kwa jina la umma, na umma una watoto wake Majengo na Korogocho pia. Na kwa msomaji, jirani yangu: nenda ukayatazame maporomoko yale walau mara moja. Si kwa ajili ya picha ya simu tu. Nenda upate kipimo cha mto, ili ukirudi ukasimama juu ya daraja la Gikomba, ujue ni kitu gani hasa unachopaswa kudai, na ni kitu gani unachopaswa kuacha kutupa.